Karatasi ya Jovitus

Placidius wa Ihanda alimaliza kidato cha nne mwaka 1996, na tangu hapo hakuwahi kukiri mbele za watu kwamba kuna maandishi yanayomshinda. Karatasi inayokuja na dawa ya kuogesha ng'ombe alisoma yeye. Barua kutoka wilayani alisoma yeye, na palipokuwa na neno gumu alilipita kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa katibu wa kigango, katibu wa kamati ya maji, katibu wa chama cha kuzikana na katibu wa wakulima wa kahawa, mpaka jina la ubatizo likabaki la padri peke yake na watu wengine wote wakamwita Katibu. Mke wake, Felicitas, alikuwa na desturi moja. Kila alipomsikia mumewe akisema "hilo niachieni mimi," alikwenda kuongeza ndizi chunguni, kwa sababu alijua fundi atakuja, na fundi hula.

Mdogo wake Placidius, Jovitus, hakuwa mtu wa maneno. Aliishi ng'ambo ya shamba la kahawa, kwenye nyumba inayotazama barabara, na katika chumba cha mbele aliweka kompyuta na printa. Hapo watu wa Ihanda walichapiwa barua za kuomba kazi, fomu za shule na ratiba za kwaya. Lakini kazi iliyompa sifa ilikuwa wasifu wa marehemu. Mtu akifariki, wafiwa walikwenda kwa Jovitus wakamsimulia mtu wao, naye akachapa ukurasa mmoja: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alipenda nini, ameacha nani. Wafiwa hakuwatoza kitu. Zile karatasi watu walirudi nazo nyumbani, na wengine walizibandika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria.

Mwezi wa nne kifua kilimbana Jovitus siku tatu, na siku ya nne akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Sasa, kwa kuwa aliyekufa ndiye mchapaji, hakuna aliyekumbuka kuchapa. Asubuhi ya maziko Placidius aliandika wasifu wa ndugu yake kwa kalamu, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, na mkono ulimtetemeka hata katekista alipousoma kaburini alimpunguzia marehemu miaka kumi na kumwongezea mtoto mmoja. Waombolezaji waliinamisha vichwa. Mama wa ndugu hao wawili, Benadeta, hakuinamisha chake. Jioni ile, ukoo ukiwa umekaa uani, alisema polepole kama mtu anayehesabu mikungu:

"Amewachapia wafu wote wa Ihanda. Yeye mwenyewe amezikwa bila karatasi."

Hapo ndipo Placidius aliposimama, akavuta koti, akatangaza kwamba siku ya kuanua matanga, padri atakapokuja kusoma misa nyumbani, kila atakayefika atapewa wasifu wa Jovitus mkononi, umechapwa vizuri, na utachapwa kwa mashine ya Jovitus mwenyewe. Akamgeukia mama yake. "Hilo niachieni mimi." Felicitas alikuwa upande wa jikoni. Watu walisikia sufuria ikifunuliwa.

Laiti angeketi baada ya hapo. Lakini mtu akishasikilizwa mara moja huona tamu, na Placidius aliendelea. Alikumbusha desturi ya ukoo: vitu ambavyo marehemu alikuwa akivishika kila siku havichezewi mpaka kikao cha ukoo kikae na kumtaja musika, yaani mrithi wake. Saa yake, koti lake, fimbo, rozari, vyote viingie kwenye sanduku la bati. "Na simu pia," alisema, akiinua kidole. "Izimwe, ifungiwe. Siku hizi watu wanasahau simu." Baba yao mdogo, Mzee Mwebesa, akafunga sanduku kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Wazee walitikisa vichwa wakasema Katibu ana mawazo.

Zilipita wiki tano. Siku ya kuanua matanga, pamoja na kikao cha ukoo, ilipangwa Jumamosi, na Jumatano Placidius alivuka shamba la kahawa akaingia chumba cha mbele cha marehemu, akafuta vumbi, akafanya ishara ya msalaba, akawasha kompyuta. Alichapa wasifu kwa kidole kimoja tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Alipomaliza aliusoma mara mbili, akaridhika, akaagiza nakala themanini.

Printa haikutikisika. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea neno moja karibu na jina la printa: oflaini.

Mtu mwingine angeuliza. Placidius alibonyeza tena. Alipoona kimya akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa jirani kiziwi. Kisha akaanza utafiti. Alizima printa akaiwasha. Alichomoa waya wa umeme, akasali Baba Yetu tatu ili ipumzike vya kutosha, akauchomeka. Alifungua kifuniko cha wino, akakifunga. Alitafuta waya wa kuunganisha printa na kompyuta, akakumbuka kwamba panya waliutafuna mwaka juzi na Jovitus akasema hauhitaji tena. Akabonyeza mara ya nne.

Alhamisi alikuja na chupa ya maji ya baraka iliyobaki tangu Pasaka. Fizikia ya kidato cha nne ilimkataza kumwagia maji kitu chenye umeme, kwa hiyo alinyunyizia miguu ya meza. Kitaa cha buluu mbele ya printa kiliendelea kufumba na kufumbua, taratibu, bila kuchoka, na Placidius akaanza kuamini kwamba kinamkonyeza yeye.

Ndipo akampigia simu mpwa wao, Muhangi, anayefanya kazi ya kompyuta Mwanza. Muhangi alimsalimia shikamoo, akasikiliza yote, kisha akauliza kama printa na kompyuta viko kwenye mtandao mmoja. Placidius hakujua jambo hilo linatazamwa wapi. Angeweza kusema hivyo. Mpwa alikuwa mbali, hakuna aliyekuwa chumbani, hata aibu yenyewe isingepata shahidi. Lakini miaka ya ukatibu ina nguvu zake.

"Viko mtandao mmoja," alisema. "Hilo nilianza nalo."

"Basi, mjomba, hapo sijui," Muhangi akakiri. "Kama viko mtandao mmoja ingechapa."

Placidius alinunua bando, akawasha hotspoti kwenye simu yake, akaiunganisha kompyuta. Hilo alilijua, nalo likakubali, akafurahi sana. Oflaini. Akabonyeza tena. Alipopiga hesabu baadaye aligundua kwamba kati ya Jumatano na Ijumaa alikuwa amebonyeza mara kumi na moja.

Ijumaa mchana wanawake walikuwa uani wanamenya ndizi za kesho, wanaume wanachimba mashimo ya nguzo za turubai, na kila aliyepita mbele ya dirisha aliuliza kama mashine imeamka. Placidius alijibu kwamba iko katika hatua za mwisho. Mama Benadeta ndiye pekee ambaye hakuuliza. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akatafuna kahawa, na kila printa ilipolia kidogo kwa kuwashwa aliacha kutafuna akasikiliza. Placidius aliona angeweza kuvumilia matusi kuliko kule kusikiliza.

Njia ilibaki moja, kupanda bodaboda mpaka Kayanga kuchapisha mjini. Karatasi zingepatikana. Zingekuwa safi kuliko za nyumbani. Ila zisingekuwa za mashine ya Jovitus, na mama angezipokea, angeshukuru, asingesema neno lolote mpaka kufa kwake.

Kabla ya kuondoka aliona ni adabu kumwambia mjane. Adventina, mke wa Jovitus, tangu msiba alikuwa kwenye chumba cha ndani, ameketi mkekani na shangazi wawili. Mjane hafanyi kazi wala hasumbuliwi na mambo ya kazi mpaka matanga yaanuliwe, na Placidius, mshika desturi, hakuwa amemsumbua hata kwa swali moja. Alisimama mlangoni akamwambia, akitazama ukuta, kwamba mashine imekataa, kwamba ameshindwa, kwamba anakwenda Kayanga.

Neno "nimeshindwa" lilimtoka kama jino.

Adventina alimgeukia. "Shemeji, siku tatu nakusikia unazima na kuwasha," alisema. "Nikasema labda ni njia mliyofundishwa sekondari."

Shangazi mmoja alificha mdomo kwa kanga.

Kisha Adventina akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo hilo mara mia. Wino wa ile printa alikuwa akibadilisha yeye. Karatasi alikuwa akipanga yeye. Tangu panya watafune waya, printa ilikuwa inapata mtandao kutoka kwenye simu ya Jovitus, na kompyuta vilevile. Hotspoti ya Placidius imeishika kompyuta tu. Printa haijui mtandao wa mtu mwingine. Inajua mmoja, na ukizimwa inakaa inautafuta.

"Ile taa inayowaka na kuzima," alisema Adventina, "inamtafuta Jovitus."

Placidius aliegemea mwimo wa mlango. Simu ilikuwa sandukuni, na aliyesema izimwe na kufungiwa, akiinua kidole, alikuwa yeye.

Alimpigia Mzee Mwebesa. Mzee alikuwa Kimuli, upande wa Kyerwa, tangu jana, amekwenda kuwachukua ndugu wa huko, na ufunguo alikuwa nao kwenye koti. Angerudi kesho asubuhi pamoja na wageni. Placidius aliuliza, kwa kuzungukazunguka, kama isingewezekana kufuli likafunguliwa kwa nyundo kidogo tu.

"Sanduku halifunguliwi kabla ya kikao," Mzee Mwebesa alijibu. "Si ni wewe uliyetufundisha, Katibu? Mpaka nikasema kumbe shule inasaidia."

Placidius aliporudisha simu mfukoni, Adventina alikuwa amesimama, akatangulia chumba cha mbele na shangazi wakamfuata. Alisema Jovitus aliponunua simu mpya mwaka jana hakuigusa printa. Aliipa hotspoti ya simu mpya jina lilelile la ile ya zamani, na neno la siri lilelile, na printa ikaikubali bila kujua kwamba simu imebadilika. Simu ya shemeji nayo inaweza kupewa jina hilo.

"Jina gani?" aliuliza Placidius, ingawa alijua.

"Jovitus."

Hapo alisita kwa haki. Jina la marehemu na kiti chake hugawiwa na ukoo. Kujitwalia jina la mtu siku moja kabla ya kikao, hata kwa simu, kulimtia baridi mgongoni. Shangazi wawili walishauriana kwa Kinyambo, wakakubaliana kwamba simu hairithi mashamba. Placidius akafanya ishara ya msalaba, akafuta jina lake, akaandika Jovitus. Herufi saba, na machozi yakamjaa kwenye ya tatu.

"Na neno la siri?"

Adventina alitazama mikono yake. "Ulikuwa utani tu, shemeji. Usikasirike."

"Sikasiriki."

"Kaka anajua. Yote pamoja, herufi ndogo."

Placidius aliandika, kwa kidole kilekile kimoja: kakaanajua. Alifikiria miaka yote ambayo mdogo wake alikaa chumbani humo na kuwatajia wateja neno hilo walipotaka kutumia mtandao wake, na jinsi Ihanda nzima ilivyokuwa ikiliandika kwenye simu zao huku ikimwitikia yeye "ndiyo, Katibu" barabarani. Alitaka kukasirika, asipate pa kuanzia. Akawasha hotspoti.

Kitaa cha buluu kilifumba, kikafumbua, kikatulia. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi.

Wanawake uani waliacha visu wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka ni msibani wakavikata katikati. Karatasi ya kwanza ilitoka, ya pili, ya kumi. Ilipofika ya themanini Placidius alinyoosha mkono kuzikusanya, na printa ikaendelea. Ikachapa ya themanini na moja. Adventina ndiye aliyeelewa kwanza.

"Shemeji, ulibonyeza mara ngapi?"

Alipofanikiwa kuifuta foleni ile, karatasi zilizoachwa na marehemu zilikuwa zimekwisha. Nakala mia na tatu zilijaa mezani na sakafuni.

Mama Benadeta aliingia akishika ukuta. Hakuwa ameingia chumba kile tangu maziko. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akachukua karatasi moja, akaipapasa pande zote mbili, akamrudishia mwanawe. "Nisomee."

Placidius alisoma. Jina, kuzaliwa, ubatizo. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kikaoni. Alifika mahali panaposema kwamba marehemu alikuwa mdogo wake Bwana Placidius, katibu wa kigango, katibu wa kamati ya maji, katibu wa chama cha kuzikana, na mama akainua mkono.

"Karatasi hii ni ya nani, Placidi? Nasikia makatibu wengi. Jovitus sijamsikia."

Alisema atawapunguza. Akaendelea: marehemu alihitimu darasa la saba mwaka 1994, na hakubahatika kuendelea na masomo.

"Rudia hapo."

Alirudia.

"Bahati haihusiki hapo," alisema Benadeta. Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomfanya Placidius ashushe karatasi. "Alifaulu. Jina lake lilibandikwa shuleni, nilikwenda kuliona mwenyewe ingawa sijui kusoma, mwalimu akanionyesha kwa kidole. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Kahawa ya mwaka ule ilitosha ada ya mtoto mmoja. Baba yenu alikaa siku mbili bila kula, hajui amtoe nani. Jovitus ndiye aliyemfuata shambani. Akamwambia, mwache kaka amalize, kaka anajua."

Adventina aligeukia dirisha.

Placidius alikuwa anaifahamu ile habari, kwa namna mtu anavyofahamu kuna jiwe chini ya mkeka anapolala: hujigeuza asilalie hapo. Miaka thelathini alikuwa amesema "hakubahatika." Alisema hivyo alipomwoa Felicitas, alisema mbele ya padri, aliandika hivyo hata kwenye karatasi iliyotetemeka asubuhi ya maziko. Lilikuwa neno zuri, halikumgusa mtu.

Angeweza kuziacha. Nakala mia na tatu, za mashine ya Jovitus mwenyewe, ahadi imetimia. Mama alikuwa ameshasema alichotaka kusema na hakuomba kitu. Placidius alikaa mbele ya kompyuta, akaanza kufuta. Walitoka makatibu wote wanne. Ilitoka bahati. Kidole kimoja kilifanya kazi mpaka jua likashuka juu ya kahawa, na kila sentensi alimsomea mama kabla ya kuiandika inayofuata, na mara mbili mama alikataa.

Karatasi mpya hazikuwapo, kwa hiyo walichapa nyuma ya zile zile. Adventina alizipanga upande unaotakiwa, kwa sababu Placidius alipojaribu, kumi za kwanza zilitoka maneno juu ya maneno na kutupwa. Baadaye Adventina, Felicitas na shangazi wote wawili walikaa na kalamu, wakapiga mstari kukata upande wa kosa, nakala tisini na tatu. Felicitas alikuwa akiusoma kila upande kabla ya kuukata. Alipofika kwenye makatibu wanne alikata mistari miwili.

Jumamosi watu walifika wengi, na wageni wa Kimuli pamoja na Mzee Mwebesa na ufunguo wake. Kama ilivyo kawaida ya binadamu, kila aliyepewa karatasi alianza na upande uliokatwa. Mzee Mwebesa alivaa miwani akausoma wote, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nguzo ya mwisho ya turubai kama Katibu naye amefariki. Turubai zima likacheka, padri naye akainama kurekebisha stola ambayo haikuwa na tatizo. Placidius alicheka nao. Lilikuwa jambo geni kwake, na hakuliona baya kama alivyolidhania.

Baada ya komunyo padri akamwita asome. Alisimama mbele ya altare ya meza, akageuza karatasi upande ulio sahihi, akasoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akasoma mwaka 1994.

"Alifaulu kwenda sekondari," alisoma, "akamwachia kaka yake nafasi. Kaka yake huyo ndiye anayewasomea."

Mstari uliofuata aliuona vizuri kabisa. Herufi zilikuwa nyeusi, kubwa, amezichapa mwenyewe. Midomo ilifunguka na sauti haikutoka. Alijaribu tena. Watu walisubiri, hakuna aliyeinamisha kichwa safari hii, na mama Benadeta kwenye kigoda chake alisubiri pamoja nao.

Adventina aliinuka kutoka mkekani. Alipita katikati ya wanawake, akasimama kando ya shemeji yake, akachukua karatasi mkononi mwake na kutafuta mahali alipoishia.

"Alipenda kazi ya mikono yake," alisoma. "Aliwaandika watu wa Ihanda kama walivyoishi. Ameacha mama, kaka, watoto wanne, na mjane anayeitwa Adventina."